Nusu Mzunguko

"Rudia ulichowaambia waandishi."

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa. Nimekuona."

Spana alifuta povu mikononi, akamgeuzia simu. Kwenye kioo, kijana mwenye jezi iliyolowa jasho alikuwa anaongea mbele ya maikrofoni tatu: "Miguu yangu iko sawa kabisa. Ni gia. Zilianza kuruka mlimani, baiskeli ikaniangusha."

Mwewe alijitazama kama anayemtazama mtu mwingine, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mpenzi, lilinitoka tu. Umepanda mlima saa nzima, hujavua hata kofia, mtu anakuuliza umeshindwaje. Wewe ungesemaje?"

"Ningesema nimechoka."

"Wewe ni fundi. Fundi akichoka anakunywa chai. Mimi nikichoka natolewa."

Mbio zilikuwa za siku tano, na hiyo ilikuwa alasiri ya siku ya nne, kwenye maegesho ya hoteli. Timu huwa na waendeshaji sita, mmoja wao akiwa kiongozi. Wengine kazi yao ni kumkingia upepo na kumvuta hadi mwisho. Timu hii ilikuja na viongozi wawili, vijana wote, kwa sababu kocha alishindwa kuamua, akasema mlima ndio utamwamulia. Mlima ulikuwa umeamua. Mkate, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alianza baiskeli akisambaza mikate, alimaliza pamoja na watu wa mbele. Mwewe alifika dakika mbili nyuma yake.

Sasa, kama gia ndizo zilizogoma, Mwewe bado alikuwa na miguu ya kuaminiwa, na kesho timu nzima ingemvuta yeye. Kama ni miguu, basi tena.

Na gia zote zilikuwa kazi ya Spana. Baiskeli sita zilipita mikononi mwake kila asubuhi na kurudi mikononi mwake kila jioni. Mwewe naye alikuwa wake, mwaka wa pili huu, na harusi ilikwishapangwa mwezi wa tatu.

"Niliijaribu mara tu uliposhuka," Spana alisema. "Gia zote kumi na moja, juu na chini. Hakuna iliyoruka."

"Kocha yuko njiani anakuja kuikagua mwenyewe. Utamwambia hivyo?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Tunaoana mwezi wa tatu, Spana. Jina langu likichafuka litakuwa la nani?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Mama yake. Pampu ya maji ilikuwa na kelele, akazunguka nyuma ya gari ili asikie vizuri.

"Mwanangu, nimemwona mkwe wangu kwenye habari. Jamani, mtoto amekonda. Huyo fundi aliyemwekea gia mbovu ni nani? Mtu mzima hana hata haya."

"Ni mimi, mama."



"Kwani wewe unatengeneza zote?"

"Zote."

"Mimi nilidhani unatengeneza za yule mwingine, Mkate." Mama alikohoa. "Basi labda ni barabara."

Aliporudi, alimkuta Mwewe amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kitambaa mkononi.

"Nakusaidia kufuta," alisema huku akitabasamu.

Kocha akafika, karatasi za timu kwapani.

"Binti, iweke kwenye stendi."

Alizungusha pedali kwa mkono, akabadilisha gia. Mnyororo ukaruka, ukaning'inia katikati ya meno mawili, ukashuka. Akarudia. Ukaruka tena. Waendeshaji wawili waliokuwa wanapita walisimama.

"Kocha, hii nimeijaribu leo hii hii..."

"Naona."

Masikio ya Spana yaliwaka moto. Akahisi mkono begani.

"Usimlaumu sana, kocha," Mwewe alisema kwa upole. "Kila fundi hukosea. Mimi nimeshamsamehe."

Kocha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Saa kumi na mbili, chumba cha kulia. Nitamtaja kiongozi wa kesho. Nawe binti utatueleza kilichotokea."

Walipoondoka wote, Spana alipiga magoti kando ya baiskeli. Alikuwa na tabia ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, maana angechekwa: kila asubuhi, akishakaza skrubu ya kebo ya gia, alichora kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma kilichoishika. Skrubu ikilegea, gia huruka na kistari hukatika.

Kilikuwa kimekatika. Kipande kimoja kilitazama juu, kingine chini. Nusu mzunguko. Na alipoikagua baiskeli ileile baada ya mbio, kistari kilikuwa kizima. Akaokota kitambaa alichokiacha Mwewe. Baiskeli ilikuwa bado na vumbi la mlima mzima, lakini kitambaa kilikuwa safi kama kilivyotoka kabatini.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Mkate: "Usikubali kosa kabla hatujaongea. Niko ngazini."

Alimkuta amesimama bila viatu, na soksi tu miguuni, ameegemea ukuta.

"Nilikuwa dirishani," Mkate alisema. "Ulipozunguka gari na simu yako, nilimwona akiinama. Kitambaa mkono huu, vidole vya mkono huu kwenye skrubu."

"Ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya."

"Nimevuliwa nguo mbele ya watu, bado umekaa kimya."

"Ningesema nini, Spana? Siku ya kwanza ya mbio nilikwambia nakupenda, ukaniambia una mtu. Na kesho kiongozi ni mimi au ni yeye. Nikifungua mdomo, nani ataamini kwamba nasema kwa ajili ya gia?"

"Kwa hiyo ulikuwa unalinda jina lako."



"Ndiyo," Mkate alisema. "Ukiliweka hivyo, ndiyo."

Spana alikuwa anatumaini atakataa, walau wagombane. Alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Chumbani aliketi, akainuka, akanawa mikono mpaka maji yakatoka meupe, kisha akanawa tena. Tangu siku ile ya kwanza ya mbio alikuwa hivyo, anakaza nati zilizokwisha kazwa, hajui moyo umeegemea wapi. Leo alijua walau kitu kimoja: mmoja alikuwa amemchafua, mwingine alikuwa ametazama.

Ujumbe wa Mwewe uliingia: "Sema tu ulisahau kukaza. Fundi akikosea mara moja anasamehewa. Mimi nikishindwa mara moja nimekwisha. Nakupenda."

Aliandika "Sawa", akafuta. Akaandika tena, akafuta.

Saa kumi na mbili meza ilikuwa imejaa. Kocha hakuzunguka.

"Haya binti. Baiskeli ilikuwa na nini?"

"Mlimani haikuwa na kitu. Skrubu ya kebo imelegezwa hapa hotelini, nusu mzunguko, baada ya mimi kuikagua. Niliiwekea alama asubuhi. Anayetaka akaione."

"Imelegezwa na nani?"

"Umeniuliza habari za baiskeli, kocha. Hizo ndizo habari za baiskeli."

Hakumtazama mtu. Mwewe akacheka kidogo.

"Siku hizi baiskeli zinajilegeza zenyewe? Mpenzi, umechoka. Nenda ukapumzike."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mkate alikuwa amesimama.

"Ni yeye. Nilimwona kutoka dirishani. Nikamwacha dada wa watu anasimangwa, kwa sababu niliogopa mtasema nautaka uongozi. Basi usinipe, kocha. Mpe mwingine yeyote. Lakini fundi asiguswe."

Wote wakamgeukia Mwewe. Alikuwa anachora kitu kisichoonekana juu ya meza kwa kidole.

"Miguu ilikwisha kilomita nane kabla ya kilele," alisema mwishowe.

Kocha alivua miwani, akaikunja.

"Nina vijana wawili. Mmoja anasema kisichokuwepo, mwingine anaficha kilichopo. Ningekuwa na wa tatu mwenye miguu, ningemchukua huyo." Akavuta pumzi. "Kesho mnamvuta Mkate. Mwewe, wewe utakuwa wa mwisho kuacha kumvuta. Na kabla hatujaondoka, utawaambia waandishi hayo uliyotuambia."

Mwewe aliwaambia, asubuhi, mbele ya maikrofoni zilezile tatu. Kisha akapanda baiskeli, akafanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Spana alimwona kutoka kwenye gari la timu: wenzake walikatika mmoja mmoja, yeye akabaki mbele ya Mkate, kichwa chini, anaukata upepo, kilomita baada ya kilomita, mpaka kwenye mwinuko wa mwisho alipoanza kuyumba, akasogea pembeni, akasimama.

Gari likasimama. Spana akashuka na chupa ya maji.

"Nimemfikisha," Mwewe alisema, paji la uso likiwa juu ya usukani. "Mwezi wa tatu je?"

"Haupo."

"Kwa ajili ya skrubu?"

"Skrubu ningekusamehe. Hata uongo kwa waandishi, ulikuwa umechoka. Lakini uliniwekea mkono begani, Mwewe, ukanisamehe mbele ya watu kwa kosa ulilolifanya wewe dakika tano kabla. Kila utakaponigusa nitausikia mkono ule."

Mwewe alikunywa polepole.

"Nenda," alisema, akamrudishia chupa. "Akipata pancha huko juu hana mtu."

Mkate hakupata pancha. Alikosa taji kwa sekunde tatu. Baadaye Spana alimwona anakuja kati ya watu, akiikokota baiskeli, anateleza juu ya lami na viatu vyake vyenye chuma chini.

"Leo sikuulizi kitu," alisema alipofika.

"Afadhali, maana leo ningekataa. Jana ulichelewa kunitetea."

"Najua."

Spana aliishika baiskeli yake, akaikagua gurudumu la mbele, la nyuma, kisha akagundua kwamba hakuna cha kukaza.

"Jumapili nitakuwa nyumbani," alisema. "Uje mchana, bila jezi. Uje kwa miguu. Miaka yote nimekuona juu ya baiskeli, sijui hata unatembeaje."

Mkate alitazama viatu vyake.

"Natembea vibaya."

"Nitaona mwenyewe."