Kiwanja Walichokikagua Saa Sita Mchana

Asma alikuwa anauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya mlango wake, mtaa wa Birere, Goma. Kila asubuhi alitandaza gunia, akapanga mafungu, kisha akaanza kubishana na wateja. Mumewe Rachidi alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mizigo mji wa Kiwanja na kurudi na maharagi na ndizi. Mtoto wao Jafari, wa miaka minne, alikaa chini ya meza. Kila mteja aliyesimama, Jafari alimwambia kwamba sambaza za jirani zina mchanga. Watu walicheka, wakanunua. Jirani hakucheka.

Asma ni dada yangu. Nyumba zetu zilishikana. Ukuta ulikuwa mmoja, wa mbao. Nikikohoa upande wangu, yeye aliniambia pole upande wake.

Siku moja ya kiangazi, mbabula, jiko la makaa, ilianguka katika nyumba ya nyuma. Mbao zilikuwa kavu, na nyumba zilibanana. Moto ulipita avenue nzima kabla maji ya bidoni, yale madumu ya plastiki, hayajafika. Tulitoka na tulichoshika mkononi. Hakuna aliyekufa. Nataka jambo hilo likumbukwe: moto haukuua mtu.

Komine, serikali yetu ya mtaa, ilituweka katika madarasa ya shule, kwa sababu watoto walikuwa likizo. Mkuu wa komine alikuja na gari, akatupa pole. Alisema atatafuta mahali pa kutuweka kwa muda, mpaka avenue yetu ijengwe upya. Tulimpigia makofi.

Haukupita muda mrefu, akapata kiwanja upande wa njia ya kwenda mji wa Sake. Alikwenda kukiangalia na watu wake, saa sita mchana, jua kali, upepo unavuma kutoka ziwani. Waliporudi walisema kiwanja ni kikubwa, kiko karibu na njia, na hakina mtu. Hatukuuliza neno. Goma watu wanapelekana mahakamani kwa sababu ya ardhi yenye upana wa mlango. Lakini kiwanja kizima kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kujengea, hazikutosha watu wote. Kundi la kwanza lilikwenda, na Asma alikuwa ndani yake. Mimi na watoto wangu tulibaki shuleni kungoja zamu ya pili. Nilimwonea wivu dada yangu.

Kiwanja kile kilikuwa kama sahani kubwa. Pembeni palikuwa juu, katikati palikuwa chini. Rachidi alipewa nafasi katikati kabisa. Akafanya kama kila mwanaume wa Goma anavyofanya akipewa kiwanja. Aling'oa makoro, yale mawe meusi ya volkano, ili sakafu iwe sawa. Mawe aliyoyatoa aliyapanga kuzunguka shitingi, upepo usiingie. Alifanya kazi nzuri. Sakafu yake ilikuwa chini kuliko za wengine wote, na upepo haukuingia hata kidogo. Majirani walimsifu.

Kuku wa Asma walikufa kwanza. Aliwakuta asubuhi, wamelala karibu na mkeka, bila jeraha. Alisema ni ugonjwa wa kuku. Mwanamke mmoja alisema ni sumu, akataja mtu. Walitukanana mpaka mchana. Wakati ule wangeweza kuuliza swali la kweli, lakini walikuwa wanatafuta mchawi.

Siku chache baadaye, Rachidi alikuwa safarini. Alfajiri Asma alichukua bidoni, akaenda kuchota maji. Jafari alikuwa bado amelala kwenye mkeka, chini. Hewa ilikuwa imetulia, hata shitingi haikutikisika. Aliporudi alimwita mtoto. Hakuitika. Asma akainama kumwinua. Kichwa kikazunguka, akaanguka. Majirani walimvuta kwa miguu mpaka juu, penye upepo. Asma alizinduka. Jafari hakuzinduka.

Tulimzika siku ileile.

Kwenye matanga alikuja mama mmoja anayekaa jirani, upande wa juu wa kile kiwanja. Jina lake Domitille. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye makambi ya wakimbizi, upande wa Kibati, kazi ya kupanga nyumba za shitingi. Alikaa karibu na Asma. Akasema, "Mama, mutoto wako hakurogwa. Ni mazuku."

Sisi watu wa Birere tulikuwa tumesikia neno hilo, lakini hatukujua lilivyo. Domitille alitueleza. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kwa sababu ya volkano. Haionekani. Mara nyingi hainuki. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo inashuka na kujaa mahali pa chini, kama maji yanavyojaa kwenye shimo. Mchana jua na upepo vinaitawanya. Alfajiri, kukiwa kumetulia, imejaa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto aliyelala chini akafa. Na ukiinama kumwokoa, unaweza kufa pamoja naye.

Rachidi alikuwa amerudi. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyeua mtoto, kwa kuchimba sakafu.

"Hapana, papa," Domitille alijibu. "Wewe ulipewa shimo, ukalitengeneza. Aliyekupa shimo ndiye wa kuulizwa."

Ndipo akasema jambo lililotuchoma. Siku ile ya ukaguzi alikuwa amesimamisha gari la komine. Aliwaambia kwamba wenyeji hawajengi pale, hata mbuzi hawafungwi pale. Walimjibu kwamba wana haraka, wana mkutano. Hawakushuka hata kwenye gari.

"Gari yao inaogopa makoro kuliko mimi ninavyoogopa bibi yangu," alisema Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyeunguliwa na nyumba pamoja nasi. Hakuna aliyecheka. Na yeye hakutaka tucheke.

Matanga hayajaisha, komine ikatuma mtu shuleni. Masomo yanaanza. Sisi wa kundi la pili tutoke Jumatatu, twende kiwanjani. Shitingi zimefika. Tukamwambia mtoto amekufa kule. Alisema amesikia, na kwamba malaria inaua watoto kila mahali.

Nilitazama watoto wangu watatu wamelala kwenye sakafu ya darasa, kichwa kando ya kichwa. Nilitaka kumrushia kiti.

Kambale alisema tukatae tu, tukae madarasani mpaka watutoe kwa nguvu. Wengi walikubali. Domitille alitupinga. Alisema tukikataa tu, wataandika kwamba tumekataa msaada, na watoto wa shule watakosa darasa kwa sababu yetu. Tudai ukaguzi upya. Waje kiwanjani alfajiri, si saa sita, na sisi tuwepo.

"Kupanga mahali pa kuweka watu si kutafuta penye nafasi," alisema. "Kwanza unauliza jirani: hapa kuna nini, mbona hamujengi? Unakuja alfajiri, unakuja na siku ya mvua. Unaangalia maji yako wapi, choo kitakaa wapi, mana kwenye jiwe hili choo hakichimbwi ovyo. Unaongea na mwenye kiwanja, anasema mbele ya watu mutakaa mpaka lini. Na wale watakaolala pale wanakuwa kwenye mukutano, wanawake pia. Mwanamke ndiye anajua mutoto analala wapi."

Nilimuuliza kama komine ilikuwa inajua hayo yote.

"Wanajua," alisema. "Wengine tulisoma nao mafunzo hayo kwenye meza moja."

Basi hawakukosa elimu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na linaniumiza hadi leo.

Wanawake tulikwenda komine pamoja. Hatukupiga kelele. Tulikaa kwenye ngazi za mlango, na kila aliyetaka kuingia alilazimika kuturuka. Mkuu mwenyewe alituruka. Aliporudi kutoka kula, alituruka tena. Mwishoni alisema sawa, atakuja alfajiri.

Alikuja amevaa koti na viatu vya kung'aa. Watu wa kundi la kwanza walikuwa wamehamia pembeni juu, kwa shauri la Domitille, wakilala wamebanana. Hewa ilikuwa kimya. Chini, kwenye majani, palikuwa na ndege waliokufa.

Domitille alifunga mshumaa kwenye ncha ya ubao mrefu, akauwasha. Alisimama juu ya ukingo, akashusha ubao polepole mpaka chini, upande wa sakafu ya Rachidi. Mwali ulizimika, kama mtu ameubana kwa vidole. Akauinua, akauwasha, akashusha tena. Ukazimika tena.

Mkuu alisema pengine ni upepo.

"Upepo gani, papa?" Kambale aliuliza. "Utuonyeshe."

Ndipo Asma akaja. Alikuwa na mkeka, ule wa Jafari. Aliutandaza juu ya jiwe, mbele ya viatu vya mkuu, akaelekeza kidole chini.

"Bwana mkuu, ulisema hapa ni pazuri. Chukua mukeka wa mutoto wangu. Shuka, ulale pale kidogo tu, mpaka jua litoke. Ukiamka, hawa wote watahamia leo."

Mkuu alitazama mkeka. Alitazama watu wake. Hakuna aliyemsaidia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Basi umejua," Asma alisema. "Ulijua tangu ulipofika. Ndiyo sababu umesimama huku juu na sisi."

Hatukupelekwa kule Jumatatu. Shule ilitupa madarasa mawili tu, tukabanana, na wanafunzi wakaendelea na masomo. Komine iliitisha mkutano, na safari hii tulikaa ndani, si kwenye ngazi. Viwanja viwili vilikataliwa. Kimoja wenyeji walisema maji ya mvua yanapita pale. Cha pili mwenye kiwanja hakutaka kusema tutakaa mpaka lini. Cha tatu kilikuwa juu, na mshumaa haukuzimika alfajiri hata ulipogusa jiwe. Mwenye kiwanja alisema mbele ya wote tutakaa mwaka mmoja. Vyoo vilijengwa juu ya mawe, mbali na maji. Kila nyumba iliinuliwa kwa mbao, na hakuna aliyeruhusiwa kuchimba sakafu. Majirani wa avenue moja waliwekwa pamoja. Nikikohoa, Asma ananiambia pole tena.

Tumemaliza msimu wa mvua pale. Watoto wote wameamka kila asubuhi. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingewezekana tangu mwanzo. Haikuhitaji fedha za kigeni. Ilihitaji mtu ashuke kwenye gari.

Siku ya kukifungua rasmi kiwanja hicho, mkuu alitoa hotuba. Alisema komine imeamua kukiita kiwanja kipya kwa jina la Jafari, ili kumheshimu. Watu wake walipiga makofi.

Asma alisimama. "Jina la mutoto wangu si la hapa," alisema. "Hapa watoto wanaamka. Mupeleke jina lake kule kwenye shimo. Muandike: Hapa kuna mazuku, hapa alikufa Jafari mutoto wa Rachidi, msilaze mutu. Na ubao uangalie njia, pale gari lenu liliposimama."

Mkuu alisema atafikiri. Rachidi hakumngoja afikiri. Aliandika ubao mwenyewe, akaubeba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, akausimamisha kwa makoro yaleyale aliyoyang'oa. Herufi ni kubwa. Mtu aliye ndani ya gari anazisoma bila kushuka.