Kode ya Zamani

Mvua ilikimbiza watu wote wa soko la Mulongwe, wakajaa ndani ya maktaba ya parokia. Ndipo Kizito, fundi wa milango, alipomkanyaga Ninahazwe, muuza unga, kitenge chake cha njano kimelowa mabegani.

"Pole, mama."

"Mama wa nani? Angalia miguu, papa!"

Wakacheka. Mvua ikaisha, wao wakabaki, dirisha likinukia ziwa.

Miezi mitatu walikutana palepale, kati ya vitabu. Siku moja Ninahazwe, aliyekuwa karibu kukodi depo yake ya kwanza, ghala la unga, alifungua Kode ya Familia ajue ndoa itamfanya nini. Akasoma: mke aombe ruhusa ya mume. Akampigia Kizito simu.

"Sheri wangu, tukioana, nitakuomba ruhusa ya kusaini depo yangu?"

"Sheria ni ya Leta, serikali imesema, roho yangu. Utapiga magoti kidogo," Kizito akatania.

Ninahazwe akakata simu. Siku nne Kizito akipiga, haikushikwa.

Kizito akarudi maktabani, macho mekundu. Mama Annie, mtunza vitabu, akatazama ile Kode aliyosoma Ninahazwe.

"Hii iko ya 1987! Sheria, baba, unauliza kwanza kama haikubadilishwa."

Wakachimbua rundo la magazeti ya Leta, yale yanayotangaza sheria mpya. Miaka mingine haimo kabisa, maana wakubwa wa Kinshasa wanabadilisha sheria halafu wanazikalia, kama vile sisi huku hatuoani. La 2016 lilikuwa chini kabisa, halijafunguliwa bado. Kizito akanakili sheria mpya kwa mkono, polepole, kama anaandika barua ya mapenzi.

Alimkuta Ninahazwe sokoni. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, milima ya Burundi inaelea.

"Ile ya ruhusa waliifuta. Sasa mume na mke wanapatana, wote wawili."

"Wote wawili? Hata weye utaniuliza?"

"Hata minye."

"Na ile moto, ile pikipiki unataka kununua?"

"Iko... nilitaka kukuambia."

Ninahazwe akacheka mpaka unga ukaruka. Kisha akamtazama Kizito usoni.

"Na kama hawangeibadilisha?"

"Ningekupenda hivihivi, bila kukuoa, mpaka waibadilishe."

"Wale? Ungezeeka!"

Akajipangusa unga mikononi, akamshika mkono.

"Jumapili uje kwa baba. Leo unisindikize kwa mwenye depo. Lakini kalamu, nitashika minye."