Ukuta wa Biasha

Enzi za Mwingereza, huko Kisarawe, asubuhi ile ilianza kama nyingine zote. Pazi alikuwa ameshika jembe, anasawazisha kiwanja chake cha mteremkoni. Nyumba ya Siwema, mke mkubwa, ilikuwa juu. Ya Biasha, mke mdogo, ilikuwa chini, na mvua ikinyesha maji yalimwingilia mpaka uvunguni. Basi Pazi akawa anachonga udongo wa juu, anaumwaga chini, anauzuia kwa ukuta wa mawe ili Biasha apate uwanja uliolala sawa.

Siwema alikaa mlangoni akitazama, roho inamuuma. Uwanja alioufagia tangu alipoletwa bi harusi ulikuwa unabebwa kapu kwa kapu kupelekwa kwa mwenzake! Yeye aliomba ngazi tu ya kushukia, akaambiwa asubiri. Leo kwa Biasha mawe yanapangwa, tena kwa nyimbo. Kwa wivu, uji wake aliuacha bila kuugusa.

Akaenda Maneromango kwa mganga. Akapewa kipande cha kaniki, akaagizwa azoe udongo wa unyayo wa kushoto wa Biasha, aufunge, aufukie penye uzito.

"Uwe udongo wake," mganga alinong'ona. "Wa mlangoni pake, anaoukanyaga siku zote. Usikosee, mwanangu."

Adhuhuri, Pazi akiwa msikitini, Siwema akashuka. Biasha alikuwa amekwenda kuchota maji, nyayo zake mbichi zimebaki mbele ya mlango. Akazoa wa kushoto, akaufunga, akausukuma nyuma ya jiwe la chini kabisa. Pazi aliporudi akapanga mengine juu yake. Siku hiyo Siwema alikula akashiba.

Kesho yake Biasha aliamka anatwanga, mzima kabisa. Mguu uliokuwa mzito ni wa Siwema, wa kushoto, ule ambao kidole chake kidogo kilikatwa na jembe zamani. Ukuta ulivyopanda, mguu ukazidi. Ukawa baridi. Ukawa mgumu.

Biasha akaja kumkanda kwa maji ya moto. Akasita, kitambaa mkononi.

"Dada," alinong'ona, "mbona mguu wako unatoa mchanga?"

Hapo Siwema akaelewa. Udongo ule Biasha aliukanyaga kwa siku chache tu. Ulitoka huku juu, mlangoni pake mwenyewe, alikoukanyaga miaka yote. Alikuwa amejifukia mwenyewe.

Akatambaa mpaka ukutani. Akalichokonoa jiwe la chini kwa kucha. Likatoka. Ukuta wote ukamshukia.

Pazi na Biasha walifukua mpaka magharibi. Siwema hawakumpata. Walikuta kaniki tu, imefunguka, tupu.

Ukuta ulijengwa upya. Ila kila mvua ikikatika, uwanjani kwa Biasha hutokea unyayo mmoja wa kushoto, wa vidole vinne. Biasha huufuta kwa fagio. Ukirudi, huwa umesogea karibu na mlango.

Masika yaliyofuata waliukuta ndani, kando ya kitanda, upande anaolala Pazi.