Nguo ya Bebe

Karima binti Saindou alikuwa na wivu kabla hajapata mwanamume wa kumwonea. Shoga yake akisifiwa gauni ambalo halikupita kwenye cherehani yake, yeye hununa kutwa nzima. Kwa hiyo siku ile bandarini Mutsamudu, kisiwani Nzwani, mwaka 1961, alipomwona kijana amelikumbatia kasha refu la mbao huku wapagazi wakimpigia kelele asogee, alitaka kwanza kujua mna nini ndani kinachostahili kukumbatiwa hivyo.

Gati lilikuwa limejaa watu, magunia na harufu ya mlangilangi kutoka kwenye mapipa yanayongoja kupakiwa. Karima alikuwa amefuata robota lake la vitambaa kutoka Majunga. Alijitanda shiromani nyekundu ya maua meupe, na mashavuni alipaka msindanu, sandali ya kusagwa, ambao jua lilikuwa limeanza kuukausha. Kijana alivaa suruali ya kaki iliyonyooshwa vizuri na kofia ya mkono iliyodariziwa kwa uzi wa rangi ya maziwa.

"Bwana, umekanyaga robota langu," Karima alisema.

Kijana akajibu kwa Kingazija, mbio mbio. Karima alishika nusu, nusu nyingine ikampita.

"Sema polepole. Sisi wa Nzwani tunatafuna maneno kwanza, ndipo tunameza."

"Nimesema unisamehe, bweni, bibi wangu. Na nimesema sijaona shiromani iliyokaa vizuri namna hiyo."

"Hilo la pili hukulisema."

"Nilikuwa nakuja kulisema."

Jina lake Kamardine, karani wa idara ya ujenzi Moroni, kisiwani Ngazija. Kasha lake lilitoka Ufaransa, nalo lilishushwa Mutsamudu kwa sababu kule kwao meli kubwa hazifiki gatini.

"Ndani mna nini?"

"Ndege."

"Wa kufuga au wa kuchinja?"

"Ya kupanda. Bado haijawa ndege. Ni mbao, gundi na michoro. Naiunda mwenyewe."

Karima alicheka mpaka shiromani ikamtelezea begani. Kamardine aliliangalia lile bega, akaona haya, akatazama kasha lake. Hapo ndipo mambo yao yalipoanza.

Serikali ilikuwa inatengeneza barabara ya Patsy, huko huko Nzwani, na Kamardine akajitolea kuja kuikagua mara nyingi kuliko barabara yenyewe ilivyohitaji. Alipanda ndege ndogo ya abiria mpaka uwanja wa Ouani, akakagua kidogo, kisha akateremka mjini kukaa barazani kwa mzee Saindou. Shangazi Sitti alikuwa hapo akichambua mchele na kusikiliza kila neno. Mzee Saindou alikuwa anamjengea bintiye nyumba ya mawe nje ya mji, njia ya Ouani, maana ndivyo ilivyo visiwani: nyumba ni ya mwanamke, mume huja na sanduku lake la nguo. Ukitaka kujua mwanamume ni wa nani, tazama vitu vyake vimewekwa kwa nani.

"Hiyo ndege yako ina jina?" Karima alimwuliza siku moja.

"Jodel. Waliibuni watu wawili baada ya vita, katika mji wa mashamba ya zabibu huko Ufaransa. Walitaka ndege ambayo mtu yeyote anayejua kushika randa anaweza kuiunda. Mbao, gundi, kitambaa, na injini isiyozidi ya motokaa. Mabawa yake hayapindi tangu mwilini. Yamenyooka, halafu yanainuka kuelekea nchani. Jina wakalipata kwa kuunga vipande vya majina yao, Joly na Délémontez."

"Ndugu hao?"

"Mtu na mkwewe. Joly ndiye baba mkwe."

Shangazi Sitti aliacha kuchambua mchele. Mzee Saindou akakohoa. Kamardine alikuwa amelitupa neno hilo kwa makusudi, na Karima alilala na furaha siku ile.

Safari iliyofuata alimletea robota la kitani nyembamba na vipimo alivyoviandika kwa mkono wake. Mabawa huvishwa nguo, alimweleza, nguo inayobana, kisha hupakwa dawa mpaka ikakakamaa kama ngoma.

"Nataka ushone wewe," alisema. "Nikiwa huko juu niwe nimebebwa na mkono wako."

Baina ya safari na safari kulikuwa na simu ya posta. Mawimbi yalikuja kwa mikwaruzo, na ilibidi mtu apaaze sauti hata kama anasema neno la chumbani. Saoudat, aliyekuwa zamu pale dirishani, aliyajua mapenzi yao kuliko wao wenyewe.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe umekula nini?"

"Samaki wa nazi."

"Kapikwa na nani?"

"Na wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mikwaruzo ikaingia, simu ikakatika. Neno "wa nyumbani" Karima aliondoka nalo, akalala nalo, akaamka nalo.

Alipomaliza nguo ya bawa la kwanza, akaenda posta kumpigia. Huko Moroni mjumbe alitumwa kumwita Kamardine, lakini aliyekuja kwenye simu alikuwa mwanamke, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuendesha nyumba.

"Hayupo, yuko kazini. Mimi Batoul. Anakaa kwangu. Nani mwenzangu?"

"Mshonaji," Karima alisema. "Mshonaji wa Mutsamudu."

"Ah, ndiye wewe. Nguo ya Bebe iko tayari? Maana Bebe yuko uchi mpaka leo."

Karima alikuwa amesoma shule ya Wafaransa. Alijua bebe ni mtoto mchanga.

"Bebe?"

"Huyo huyo, kanijazia nyumba nzima. Bwana akitoka kazini hata maji hanywi, ni yeye na Bebe. Anamshika, anamgeuza, anamsugua. Juzi kalala naye sakafuni. Nimemwambia, mwanangu, huyu akizidi kukua itabidi tubomoe ukuta. Fanya haraka basi, anasema mwezi ujao Bebe ataanza kutembea."

Karima alirudisha mkono wa simu mahali pake taratibu sana. Saoudat alijifanya anahesabu stempu.

Dada naye ana nyumba, na kaka asiyeoa hukaa kwa dada. Karima aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini siku ile aliyasahau kabisa. Alichokisikia ni kwamba vitu vya Kamardine vimo ndani ya nyumba ya Batoul, Batoul anampikia samaki wa nazi, na kuna mtoto anayekaribia kutembea. Sasa ndege ilikuwa uongo, Joly uongo, na ile kitani aliyoishona akiimba ilikuwa vyandarua na mashuka ya kitanda cha mwanamke mwingine. Wivu ulimchoma mpaka meno yakamuuma.

Alirudi nyumbani akachukua mkasi. Akaikata nguo ya bawa katikati, akatoa kipande, akakaa kwenye cherehani. Alishona kigauni cha mtoto, kidogo, kizuri kupita vyote alivyowahi kushona, chenye lesi shingoni na vifungo vya chaza. Hakutaka yule mwanamke aseme kwamba Karima wa Mutsamudu anashona ovyo hata akiwa na hasira.

"Shangazi," alimwambia Sitti, "si ulisema unakwenda Moroni kwenye harusi? Tunakwenda wote."

Walifika kwa meli ndogo ya visiwani. Shangazi alitapika njia nzima, Karima hata kichefuchefu hakuwa nacho, kifua chake kilikuwa kimejaa kitu kingine. Waliulizia kwa Batoul, wakapitishwa katika vichochoro vya mawe meusi mpaka kwenye mlango mpana wa nakshi. Mwanamke wa makamo, mnene, aliyejifunga leso mbili, aliwafungulia.

"Kwezi," Karima aliamkia, kwa sababu adabu ni adabu hata kwa adui. Kisha akanyoosha mkono. "Nimemletea Bebe nguo yake."

Batoul akakipokea kile kigauni. Akakigeuza mbele na nyuma. Akamtazama Karima usoni, akatazama lesi, akamtazama tena. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka ikabidi aegemee ukuta.

"Ya Rabi. Njoo, binti yangu. Njoo umvishe mwenyewe."

Ukumbi wote, ambao ungekuwa na vitanda na kabati la vyombo, ulijaa mifupa ya mbao. Mbavu nyembamba zilipangwa kwenye mhimili mmoja mrefu uliotoka ukuta mpaka ukuta, ncha zake zimeinuka, na mwili wa kitu chenyewe uliingia mpaka chumba cha pili. Kulinuka gundi na mbao mbichi. Chini yake alilala Kamardine, mavumbi ya mbao yamemjaa kichwani.

"Hiyo ndiyo Bebe," Batoul alisema. "Wafaransa wenyewe ndio walioipa jina hilo, hii ndogo yao ya kwanza. Mimi dada yake, tumbo moja. Mtoto sina, nina huyu babu mzima."

Kamardine alichomoka chini ya bawa. Aliona kigauni mkononi mwa dada yake, akaitambua kitani yake, akaelewa.

"Karima. Umekata bawa langu?"

"Nimelikata," alisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Mbona hukuniambia inaitwa Bebe?"

"Niliona haya. Mwanamume mzima, niseme najenga Bebe?"

Shangazi Sitti alicheka, Batoul akacheka, Kamardine naye akacheka, na ingefaa Karima acheke yaishe. Lakini macho yake yalikuwa yametua katikati ya ule mwili wa mbao, mahali pa kukaa. Palikuwa na tundu moja, na ndani yake kibao kimoja.

"Viti viko wapi?" aliuliza.

"Kiti hicho hapo."

"Nimeuliza viti."

"Hii ni ya mtu mmoja, mpenzi. Ndivyo ilivyochorwa."

"Nami nikae wapi?"

 Kamardine alitazama kile kibao, akatazama mbao alizozisugua jioni baada ya jioni, na uongo mzuri haukumjia.

"Sikufikiria," alisema.

Kicheko kikakoma ukumbini.

"Batoul sina ugomvi naye," Karima alisema polepole. "Ungekuwa unanificha mwanamke, ningejua la kufanya. Nywele zake ningezishika. Sasa hiki nikishike wapi? Miaka yote uliyoota kuruka, ulijiona uko peke yako. Utakuja Mutsamudu ukitaka, utaondoka ukitaka, nami nitabaki barazani nimeinua shingo. Baba yangu hajengi nyumba ya mtu wa kupita."

"Naweza kukibana kiti cha pili hapa nyuma..."

"Unaweza?"

Alikuwa mkweli mpaka mwisho, maskini. "Siwezi. Haitainuka. Hata wenyewe walipotakiwa watengeneze ya watu wawili hawakuongeza kiti. Ilibidi wachore upya. Mwili mpana zaidi, bawa refu zaidi, injini nyingine."

"Basi umejijibu," Karima alisema, akajitanda shiromani yake na kutoka.

Mwezi ule ulikuwa mrefu Mutsamudu. Saoudat alimtuma mtu mara tatu kumwita Karima kwenye simu, naye mara tatu alisema ana kazi. Kisha simu zikakoma, na hilo likamuuma zaidi. Alianza kumwonea wivu hata yule aliyeacha kumpigia simu, amepata wapi utulivu huo. Barabara ya Patsy ilikamilika bila ya kukaguliwa.

Alikuwa kwenye nyumba yake mpya, anabishana na fundi juu ya dirisha, Kamardine alipotokea njia ya Ouani kwa miguu. Alikonda. Alibeba bomba refu la karatasi ngumu, ile ya kuwekea michoro, na sanduku la nguo.

"Fundi, kapumzike kidogo," Karima alisema. Fundi alikwenda kupumzika mahali anapoweza kusikia.

"Bebe iko wapi?"

"Nimeivunja. Batoul amepikia mbavu zake wiki nzima. Anasema wali ulinuka gundi."

Karima alifurahi, na papo hapo akaona haya kwa kufurahi, maana aliujua muda uliomo katika zile mbavu. Machozi yakamtoka.

"Nani alikwambia uivunje?"

"Hakuna. Nilikaa ndani yake nikijaribu kukuwaza, nikakosa mahali pa kukuweka. Nikaagiza michoro mingine." Alifungua bomba, akaitandaza karatasi juu ya mawe ya ukuta. "Ni wale wale, mtu na mkwewe. Serikali yao iliwataka watengeneze ya kufundishia vijana kwenye vilabu vya urukaji. Ona. Viti viwili, bega kwa bega."

Karima alifuta uso kwa ncha ya shiromani, akainama juu ya mchoro.

"Na hizi fimbo mbili?"

"Za kuongozea. Kwa sababu ni ya kufundishia, kila kiti kina yake. Ukisukuma huku inashuka, ukivuta inapanda. Yangu ikienda, na yako inakwenda."

"Na nikivuta mimi?"

"Tunapanda, nitake nisitake."

Karima aliipima ile karatasi kwa macho ya mshonaji, bawa, mwili, mkia. Kamardine alingoja, sanduku lingali mkononi, hajathubutu kuliweka chini.

"Utaiundia wapi?" Karima aliuliza.

"Popote utakaposema. Nyumba ni yako."

"Fundi," aliita, naye fundi akatokea upesi mno. "Lile dirisha liache. Toboa mlango huu, uwe mpana. Mpana wa kupitisha kitu kikubwa." Kisha akamgeukia Kamardine, akalichukua lile sanduku la nguo kutoka mkononi mwake, akaliweka ndani, mahali ambapo palikuwa hapajapata hata sakafu.

"Waambie wazee wenu waje wazungumze na baba," alisema. "Na nikuambie mapema tusije tukagombana huko juu. Tukipita juu ya Moroni, nikakuona unachungulia paa la mtu zaidi ya linavyohitaji kuchunguliwa, nitageuza mimi."