Glasi ya Dirishani

Soko lilikuwa limefurika watu siku mchoraji aliposimama mbele ya meza ya muuza vyombo. Shati lake jeupe lilikuwa na madoa ya rangi mikononi. Akaziruka glasi zote za nakshi, akachukua moja nyembamba isiyo na pambo.

"Hiyo hata mimi huificha nyuma," mwanamke mwenye meza akamwambia.

"Ndiyo ninayoitaka."

"Una macho ya ajabu, kaka."

"Ndiyo yanayonilisha, dada," akajibu, kisha akaomba namba yake ya simu.

Mapenzi hayakukawia. Kila jioni, akishafunga meza, mwanamke alipanda ngazi hadi chumbani kwa mchoraji, akamtazama akilowesha karatasi na kudondosha kijivu kidogo, buluu kidogo, mpaka glasi ikajitokeza. Palipong'aa hakupagusa kwa brashi.

"Mwanga siuchori, mpenzi. Nauachia karatasi."

Yeye aliyeuza glasi miaka tisa hakuwahi kujua kuwa glasi ya maji inaweza kumnyamazisha mtu.

Siku moja hakumkuta. Akafagia, akaosha vyombo, pamoja na glasi nyingine, ya zamani, iliyokaa dirishani na maji kidogo, imeshika vumbi. Mchoraji aliporudi, uso ulimbadilika.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Ilikuwa chafu, mpenzi."

"Umenimalizia mama yangu. Nenda kwenu."

Hakueleza zaidi. Mwanamke alishuka ngazi, na kwa siku kumi na mbili hakuna aliyempigia mwenzake. Siku ya kumi na tatu, akiwa anamfungia mteja sahani kwa gazeti, simu ikaita.

"Ni mimi."

"Najua."

"Mama alinywa maji kwenye glasi ile ya dirishani asubuhi aliyofariki, na yale yalikuwa mabaki yake. Miezi mitano nimejaribu kuichora nikashindwa. Sikukuambia, kisha nikakulaumu. Nisamehe."

"Ungeniambia, nisingeigusa."

"Najua. Jana niliichora ikiwa safi, tupu. Imekubali. Nataka kukuoa."

Mteja alikuwa akisubiri. Muuza vyombo akamkabidhi sahani zake, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Uliniumiza sana."

"Nilikuumiza."

"Kaka yangu yuko nyumbani Jumapili, saa nne. Njoo na mjomba wako, usije peke yako. Na siku nyingine ukiwa na msiba moyoni, nipe nikusaidie kulia kabla hujanifukuza."

"Nitakupa," akasema, na sauti ikamkatika.