Pingamizi la Bibi Harusi

"Matangazo ya ndoa, mara ya kwanza," katekista akasoma kwenye kipaza sauti. "Silvanus Mkude, wa kigango cha Kurui, Kisarawe, anatarajia kufunga ndoa na Honorata Kobelo, wa Picha ya Ndege. Anayejua kizuizi chochote atoe taarifa ofisi ya parokia."

Benchi zima likanigeukia. Mama mmoja akanifinya paja kwa furaha.

"Hongera bibi harusi! Kumbe ulikuwa unatuficha!"

Nimfiche nani? Hata mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza!

Tuelewane kabisa: Silvanus nampenda. Ni mwalimu wa fizikia huko Kurui, na mapenzi yetu yalianzia uwanja wa shule yake, Jumamosi tulipokuwa tunarusha roketi za chupa za soda. Maji kidogo, pampu ya baiskeli, halafu kimbia! Yeye anapiga pampu, mimi napima imepanda mita ngapi. Nina stashahada ya ufundi mitambo, na tangu mwaka jana najiandaa kwa jambo moja tu, mtihani wa ufadhili wa kwenda kusoma uhandisi wa ndege na vyombo vya anga, Uturuki, miaka mitano. Nafasi nne nchi nzima. Mtaani wananicheka, eti mtoto wa mtaa wa Picha ya Ndege sasa anataka ndege yenyewe. Wacheke. Fomu za ndoa tulijaza mwezi wa pili, tukakubaliana zikae ofisini mpaka majibu ya mtihani yatoke.

Simu ikatetemeka kwenye pochi. Meseji ya Silvanus.

"Umesikia mke wangu? Huku kigangoni wamepiga vigelegele hatari!"

Misa ilipoisha sikungoja kusalimiana na mtu. Nikaingia ofisi ya parokia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu bibi harusi," akasema Mzee Wilbrod, yule katekista, huku anatabasamu.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuweka pingamizi."

"Marahaba. Pingamizi la ndoa ya nani tena?"

"Yangu."

Kalamu ikamponyoka.

"Mwanangu, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Pingamizi huwa analeta mke wa kwanza, au mtu aliyezalishwa akaachwa. Bibi harusi mwenyewe haleti!"

"Leo ameleta. Nani alisema tutangazwe?"

Akafungua daftari, akaligeuza nilione.

"Mwenzako alikuja Jumanne, akasema mmekubaliana. Ndoa Jumamosi tarehe ishirini. Nikamwambia nataka na sahihi yako. Akasema umebanwa na masomo, akarudi na mama yako. Mama akasaini kwa niaba yako."

"Mama yangu?"

"Sasa Honorata, mwenyekiti wa jumuiya nzima, mimi nimkatalie vipi?"

Nikaiangalia ile tarehe. Ishirini, saa tatu asubuhi, mimi natakiwa niwe Dar kwenye chumba cha mtihani. Na Silvanus alijua. Barua ya kuitwa kwenye mtihani aliichapisha yeye kwa mkono wake, akaniwekea kwenye bahasha. Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Nikampigia hapo hapo.

"Silva, njoo nyumbani."

"Mke wangu, mbona sauti..."

"Usiniite mke wako. Njoo."

Alasiri akafika na bodaboda, nyuma kafunga kreti ya soda. Kreti ya soda, jamani! Mama akatoka mbio kumpokea.

"Isishuke hiyo," nikamwambia dereva. "Hapa hakuna sherehe."

"We Honorata! Ndivyo unavyompokea mwenzio?"

"Mama, ulinisainia ndoa?"

Mama akajifunga kanga upya.

"Nilisaini. Una miaka ishirini na tano. Ukikaa huko miaka mitano utarudi na thelathini. Atakuoa nani?"

"Sijauliza atanioa nani. Nimeuliza kwa nini ulisaini."

"Kwa sababu nakupenda! Nilitaka uende ukiwa na mume anayekungoja, usipotelee huko."

"Niende vipi, mama? Ndoa tarehe ishirini, mtihani tarehe ishirini!"

Mama akamgeukia Silvanus taratibu.

"Baba, si uliniambia mtihani umeahirishwa?"

Silvanus akainamisha kichwa. Hata dereva wa bodaboda akazima pikipiki asikie vizuri.

"Mjibu mama," nikasema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utafaulu. Mimi ni mwalimu, Honorata, mtu atakayefaulu namjua. Ukishaenda huko kwenye marubani na maprofesa, utamkumbuka nani wa Kurui?"

"Ukaona dawa ni kunifungisha ndoa ya kuvizia?"

"Nisamehe. Kesho nitamwomba Mzee Wilbrod afute kimyakimya."

"Kimyakimya? Umenitangaza kwenye kipaza sauti, utanifuta kwenye kipaza sauti! Kwa mdomo wako, Jumapili ijayo, kanisani kwetu. Usipokuja, namba yangu isahau."

"Watu watanicheka."

"Mimi wananicheka kila siku na sijafa. Rudi na soda zako."

Akaondoka na kreti yake. Mama alininunia siku tatu, na mimi sikumbembeleza. Usoni nilikuwa mkavu, lakini nilimkumbuka Silvanus kila saa. Nikakazana na hesabu zangu. Hesabu haziniulizi nitaolewa lini.

Jumapili akaja. Amevaa shati jeupe. Padri alimpa dakika mbili baada ya komunyo.

"Naitwa Silvanus Mkude. Jumapili iliyopita mlitangaziwa ndoa. Bibi harusi hakujua. Nilimdanganya katekista, nikamdanganya na mama yake, ili mwenzangu asifanye mtihani wake. Ndoa hiyo haipo. Honorata, nimekukosea."

Watu wakaguna. Kuna kijana akacheka kwa sauti. Silvanus akabaki amesimama pale pale mpaka kicheko kikaisha, ndipo akarudi kukaa. Nililia mbele ya kanisa zima na sikujali nani ananitazama.

Mama naye akasimama benchi la mbele.

"Na aliyesaini ni mimi," akasema. "Msimcheke peke yake."

Tarehe ishirini mama ndiye aliyenipigia pasi gauni. Akanisindikiza mpaka Dar, akakaa nje ya geti saa tano nzima na chapati zake kwenye hotipoti. Nilipotoka hakuuliza mtihani ulikuwa mgumu au mwepesi.

"Kula kwanza," akasema.

Wiki ya nne barua pepe ikaingia. Nilisoma mara tatu, nikakaa chini pale pale uani. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Silvanus. Ndiyo, yeye. Mnichukie tu.

"Silva, nimepata!"

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Nilijua. Hongera, injinia wangu. Honorata, mimi nitakusubiri."

"Sijakuomba unisubiri."

"Najua. Nitakusubiri hivyo hivyo."

"Na mimi nitaenda hivyo hivyo."

Akacheka huku analia. Nilipokata simu, mama alikuwa mlangoni, masikio yamemsimama.

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Nimemsamehe."

"Afadhali! Basi ngoja nikamwambie Mzee Wilbrod azitunze vizuri zile fomu, ukija likizo tu tunawatangaza..."

"Mama."

"Abee?"

"Kusamehe nimesamehe. Kuolewa nitatangaza mwenyewe."