Lawama Zote kwa Gemu

Ukitaka kochi lako lirudi ujanani, mpelekee huyu fundi. Hata kochi lililokaliwa na babu, baba na wajukuu, likitoka mikononi mwake utaona haya kulikalia. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mlijaa mbao, sponji, vitambaa na makopo ya gundi. Mkewe alishona mito kwa cherehani, karibu na dirisha. Fundi mwenyewe alifanya kazi huku amebana misumari midogo kwa midomo, kwa hiyo wateja wengi walidhani hapendi kuongea.

Kila jioni milio ya bunduki ilisikika kutoka sebuleni.

"Mpige! Yuko nyuma ya ukuta! Mpige!"

Mteja mgeni alikuwa akishtuka. Fundi alitoa misumari mdomoni, akacheka.

"Usiogope, bwana. Hilo ni jeshi langu. Lina askari mmoja tu, na vyombo bado hajaosha."

Askari huyo alikuwa binti yake wa miaka kumi na tano. Alikuwa kitinda mimba, basi nyumba nzima ilimwita Kitinda. Alipenda gemu ya vita. Mashine ya gemu alinunuliwa na kaka yake, ambaye alikuwa amehamia mji mwingine kikazi. Kaka naye alikuwa na mashine yake huko. Walicheza pamoja kwa intaneti, kila mmoja na hedifoni zake za kuongelea, wakipiga soga, na milio ya vita ikitoka kwenye televisheni. Wazazi walilijua hilo. Lakini hawakuwahi kuuliza watoto wao wanaongea nini. Kwao zilikuwa kelele tu.

Mwaka ule Kitinda alibadilika. Alikuwa mtoto wa utani, sasa akawa mtoto wa kununa. Ukimwita, anaitika kwa mguno. Akiingia chumbani, mlango unalia puu! Alama zake za darasani nazo zikashuka. Jambo moja tu lilimfurahisha mama yake. Kitinda alianza kufua sare yake mwenyewe kila siku akitoka shule.

"Angalau usafi ameujua," mama alisema.

Siku moja mteja mmoja alikuja kuchukua kochi lake. Alisikia milio ya bunduki, akatikisa kichwa.

"Fundi, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anaua watu kila jioni kwenye televisheni. Kesho si atatafuta wa kweli?"

Maneno hayo yalimwingia fundi. Jioni ileile mama alimwita Kitinda aje kula. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Fundi akaenda sebuleni mwenyewe.

"Zima hiyo mashine."

"Dakika moja, baba. Naongea na kaka."

"Nimesema zima!"

"Baba, subiri kidogo basi!" Kitinda alipaza sauti.

Loo! Hakuwa amewahi kumpazia baba yake sauti tangu azaliwe. Hasira zikampanda fundi mpaka utosini. Alikwenda karakana, akarudi na nyundo, akaiponda ile mashine mpaka ikawa vipande. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Jasho lilimtoka.

Kitinda hakulia. Alivua hedifoni, akaziweka juu ya vile vipande, akaenda chumbani. Safari hii mlango aliufunga taratibu.

"Umefurahi sasa?" mkewe aliuliza.

"Nimemwokoa mwanangu. Ile gemu inamfundisha fujo."

"Umemwokoa kwa nyundo?"

Fundi alijifanya hakusikia.

Kwa wiki kadhaa nyumba ilitulia. Fundi aliwasimulia wateja wake jinsi alivyomaliza tatizo, na wateja wakamsifu. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi moja simu ililia kutoka shuleni. Kitinda amempiga msichana mwenzake usoni kwa chupa ya maji, ile ya chuma. Msichana amepoteza meno mawili ya mbele.

Kitinda alirudishwa nyumbani. Bodi ya shule ingekaa wiki inayofuata, iamue kama atafukuzwa moja kwa moja.

"Nilisema mimi!" fundi alifoka. "Ile gemu ilishamharibu. Nilichelewa kuivunja!"

Kitinda alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Siku ya pili jirani yao alikuja kuchukua kiti chake. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya vijana, mama mcheshi lakini asiyependa kuzunguka maneno. Habari alikuwa ameshazisikia.

"Pole, jirani. Mtoto anasemaje?"

"Atasema nini? Ni gemu hizo, dada. Zimemtia ukatili."

"Kwani anacheza bado?"

"Aa, niliivunja zamani."

"Sasa gemu imevunjwa, na kupiga kumekuja baadaye. Hilo halikushangazi?"

Fundi aliweka mkasi chini. Kweli, hakuwa amelifikiria.

"Nisikilize," muuguzi alisema. "Wataalamu wamelichunguza jambo hili miaka mingi, na bado wanabishana. Wako wanaosema gemu za kupigana zinaweza kumfanya kijana awe mwepesi wa hasira, hasa kwa muda mfupi. Wako waliotafuta wasione tofauti kubwa. Lakini kwamba gemu peke yake inamchukua mtoto mpole na kumgeuza mtu wa kujeruhi watu, hilo halijathibitishwa."

"Kwa hiyo unasema gemu ni nzuri?"

"Sijasema hivyo. Kuna gemu za watu wazima. Umri umeandikwa pale kwenye kasha. Uliwahi kusoma?"

"Sikusoma," fundi alikiri.

"Basi ungesoma. Na mtoto akicheza mpaka akakosa usingizi, atakuwa mkali tu, hata kama gemu yenyewe ni ya kumwagilia maua."

Mke wa fundi alicheka kidogo pale kwenye cherehani. Muuguzi hakucheka.

"Mtoto akibadilika, kuna maswali mengi ya kuuliza. Analala vizuri? Ana rafiki? Kuna mtu anamwonea? Nyumbani watu wakikasirika wanafanyaje? Jirani, mtu akikuletea kochi linalolia, unabadilisha kitambaa?"

"Hapana. Nafungua kwanza nione ndani kuna nini."

"Kwa mwanao ulifungua?"

Fundi aliuokota mkasi, akauweka tena. Mkewe ndiye aliyeongea.

"Alikuwa anaongea na kaka yake kila jioni. Tumpigie."

Wakampigia. Yule kijana aliposikia sauti ya baba yake, hakusubiri salamu.

"Baba, siku ile ulipovunja mashine, ulinikatia mdogo wangu katikati ya maneno," alisema. "Kuna wasichana wanamtesa shuleni. Wanamwita Gundi. Wanasema sare yake inanuka karakana. Akipita wanaziba pua. Begi lake walilitumbukiza chooni. Mimi kila jioni nilikuwa namwambia avumilie, asipigane, aende kwa mwalimu. Nilikuwa namwambia pia akueleze wewe."

"Hakuniambia kitu!"

"Yeye anasema alikuambia. Muulize mwenyewe, baba."

Mke wa fundi alishika shati la sare lililokuwa limeanikwa mlangoni. Kumbe mtoto hakuwa akifua kwa usafi. Alikuwa akifukuza harufu ya gundi. Mama aliliweka lile shati usoni, akalia.

Fundi alikwenda chumbani kwa Kitinda. Hakujua akae wapi, akakaa sakafuni.

"Kaka yako ametuambia. Mwanangu, uliniambia lini?"

Kitinda aligeuka, akamtazama.

"Siku ile ulipokuwa unagonga lile kochi la bluu. Nilikuja karakana. Nikasema, 'Baba, kuna mtu ananichokoza shuleni.'"

"Nikasemaje?"

"Hukuinua kichwa. Ulisema, 'Akikugusa tena, mguse mara mbili. Hatarudia.'"

Fundi alikumbuka. Alikuwa na misumari mdomoni na mteja alikuwa akisubiri. Alilitoa jibu lile kama mtu anayemrushia kuku punje, akaendelea na kazi.

"Kaka alikuwa ananizuia," Kitinda alisema. "Kaka alipokatika, na simu sina, nikabaki na maneno yako."

"Na ile gemu? Si ndiyo iliyokuzoesha kupiga?"

"Baba, kwenye gemu mtu akifa anaamka. Tofauti naijua. Yule meno yake hayataota tena." Sasa machozi yakamtoka. "Kuna siku gemu ilikuwa inanitia hasira, sikatai. Nikishindwa, nabamiza mlango. Lakini kupiga kwa chupa sikufunzwa na gemu."

"Na haya ya gundi, mbona ulinificha?"

"Ningesemaje? Ndiyo kazi inayotulisha."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Fundi yule, anayejua kila kochi lake linaumwa wapi, alikaa sakafuni akaona aibu. Mtoto alikuwa amembebea siri ili asimuumize. Naye alikuwa amempa rungu, kisha akamvunjia mtu pekee wa kumzuia. Na msichana wa watu hana meno.

Alimshika binti yake mkono. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Kitinda aliitikia kwa kichwa.

Siku ya bodi ilifika. Fundi, mkewe na Kitinda walikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa mama wa yule msichana, macho mekundu. Mwalimu mkuu alisoma maelezo, na mzee mmoja wa bodi akaguna.

"Haya yote ni michezo ya video," alisema. "Fundi, si ulikuwa na mashine nyumbani? Watoto wanafundishwa unyama na mashine. Tuandike hivyo, tuyamalize."

Wengi waliafiki. Ilikuwa rahisi. Mtoto angehurumiwa, baba angehurumiwa, na mashine haina mdomo wa kujitetea.

Lakini mama wa msichana hakuridhika. Alisema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu ana makosa yake. Nimesikia alivyomtania mwenzake, na nimemkanya. Lakini mimi nataka kuambiwa kitu kimoja. Nani alimfundisha mtoto huyu kumpiga mwenzake namna ile?"

Fundi alisimama.

"Ni mimi, mama."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini.

"Mwanangu alikuja kwangu kuomba msaada. Sikumwangalia hata usoni. Nilimwambia akiguswa, aguse mara mbili. Tena nilimwonyesha kwa macho yake jinsi mtu mzima anavyomaliza hasira, kwa nyundo. Gemu ile haikuwa ya umri wake, na ni mimi niliyeiacha bila kusoma kasha. Kila mlango mnaougonga, mtanikuta mimi. Mama, nakuomba radhi. Matibabu ya mwanao yako juu yangu. Lakini najua siwezi kumrudishia meno."

Yule mama hakusema amesamehe. Alilia tu, na mke wa fundi akalia naye.

Kitinda hakufukuzwa. Alipewa onyo la mwisho. Yeye na wasichana waliomtesa walipangiwa kukutana na mwalimu wa ushauri kila wiki, na shule ikaanza kufuatilia uonevu uliokuwa ukifanyika vyooni.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Makopo ya gundi yalihamishiwa kibanda cha uani, na sare ikapata kabati lake mbali na karakana. Kaka alituma mashine nyingine, lakini safari hii kwa masharti waliyokubaliana wote wanne. Gemu iwe ya umri wake. Kazi za shule na za nyumbani zitangulie. Mashine izimwe mapema kabla ya kulala. Na baba naye acheze. Hapo ndipo kicheko kiliporudi, kwa sababu fundi aliendesha gari la mbio kinyumenyume mpaka mtaroni, huku akilaumu barabara. Kitinda alianza kulala vizuri. Milango ikapumzika. Alama zake zikapanda kidogo kidogo.

Wasichana wale wawili hawakuwa marafiki. Hadithi nyingine zingesema walikuwa, lakini hii haisemi. Wanasalimiana. Yule mwingine akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na Kitinda hukaa dawati la jirani, kwa hiyo humwona kila siku.

"Leo tena amecheka, baba," Kitinda humwambia baba yake akitoka shule. "Amefunika mdomo."

Fundi hamwambii asahau. Humvutia kiti akae, na humsikiliza mpaka mwisho.